Nani Mutawali wa Bustani za Nairobi?

Mtu wa Pwani akifika Nairobi kwa shughuli zake, hata awe mgeni kiasi gani, hakosi kuujua Msikiti wa Jamia. Akishasali adhuhuri, miguu imechoka na afisi aliyoijia imefungwa kwa chakula cha mchana, wenyeji watamwambia ashike barabara ya Muindi Mbingu, alipite Soko la Jiji, na mbele kidogo ataona miti. Chini ya miti hiyo kuna viti, na juu ya viti kuna watu wa kila kabila na kila hali. Wengine wamelala, wengine wasoma gazeti la jana, wengine watafuna mahindi ya kuchoma polepole wakivuta wakati. Hakuna tiketi, wala hakuna bawabu wa kukuuliza umetoka wapi.

Hiyo ndiyo Bustani ya Jeevanjee. Si kubwa. Ni kama ekari tano tu, zimebanwa na barabara za Moi, Muindi Mbingu, Moktar Daddah na Monrovia, na majengo marefu yameizunguka yakiichungulia kama watu wanaosubiri mwenzao afe wagawane mali. Wahubiri hupaza sauti upande mmoja, na upande wa pili hukusanyika wale wanaojiita Bunge la Mwananchi, ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakijadili hapo mambo ya nchi bila mshahara wala marupurupu ya mbunge.

Nakiri kwamba nilikaa kwenye viti vile mara nyingi bila kujiuliza ni vya nani. Sisi tuliolelewa Pwani twajua kwamba kitu kilichotolewa kwa ajili ya watu wote huwa na mutawali wake. Nyumba ikiwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, hujulikana ni nani mwenye kukusanya kodi yake, nani wa kuikarabati paa, na nani wa kuulizwa fedha zikipotea. Na hata hivyo, pamoja na mutawali na Tume ya Wakfu, tumeona mengi. Je, bustani ya jiji, isiyo na msikiti wala madrasa, ambayo aliyeitoa alikwisha fariki zamani, mutawali wake ni nani?

ZAWADI YA TAJIRI

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika familia ya Mabohora. Alifika Mombasa mnamo 1890 akafanya biashara na kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala wakati huo. Reli ilipoanza kujengwa, yeye alikuwa mmoja wa waliopewa kandarasi za kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula. Utajiri wake ulianzia kwetu Mombasa kabla ya kupanda juu pamoja na reli. Na msomaji wa gazeti atapenda kujua kwamba mwaka 1902 ni yeye aliyeanzisha Mombasa gazeti la African Standard, ambalo aliliuza mwaka 1905 na baadaye likahamia Nairobi likawa East African Standard. Aliingia pia katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwasia wa kwanza kufanya hivyo, wakati ambapo Wazungu walidhani kile chumba ni chao peke yao.

Bustani aliwapa watu wa Nairobi wakati mji ukiwa mabati na matope. Mwaka 1906 iliwekwa humo sanamu ya Malkia Victoria, iliyofunuliwa na mwanawe mwenyewe, Duke wa Connaught. Twaweza kumcheka tajiri huyu kwa kumpenda malkia kiasi hicho, ingawa baadaye alikuja kupigana vikali na serikali ya malkia huyo huyo juu ya haki za Waasia. Sanamu ilikaa miaka zaidi ya mia, hata mwaka 2015 watu wasiojulikana wakaiangusha na kuikata kichwa. Miti haikuguswa.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936. Bustani ikabaki mikononi mwa Baraza la Mji, na watu wakaendelea kupumzika.

PEMBE LA UHURU PARK

Kabla ya kueleza yaliyoisibu Bustani ya Jeevanjee, hatuna budi kuvuka barabara mbili tatu mpaka Uhuru Park, kwa maana huko ndiko watu wa Nairobi walikofunzwa somo lao la kwanza.

Bustani hiyo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba humo ndani patajengwa jengo la ghorofa 60, makao ya gazeti la chama tawala, pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Marehemu Profesa Wangari Maathai, wa Chama cha Ukanda wa Kijani, akaanza kuandika barua. Aliwaandikia wakubwa wa serikali na hata mabalozi wa nchi ambazo fedha zake zilitazamiwa. Bungeni alitukanwa, na chama chake kikafukuzwa katika afisi kilizokuwa kikitumia.

Alikwenda mahakamani pia, na hapa ndipo pana jambo ambalo wengi wamelisahau. Mahakama Kuu haikusikiza hata hoja kwamba jengo lile ni jema au ni baya. Ilisema kwamba mama huyu hana haki ya kushitaki, kwa kuwa bustani ikichukuliwa yeye hatadhurika zaidi kuliko mwananchi mwingine yeyote. Mwenye haki ya kusimama kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa maneno mengine, kitu cha watu wote hakuna mtu mmoja awezaye kukitetea, isipokuwa serikali. Na serikali ndiyo iliyokuwa ikijenga.

Hebu msomaji alitafakari hilo. Ni kama kumwambia maamuma aliyemwona mutawali akiuza mlango wa msikiti kwamba yeye hana la kusema, maadamu mlango huo si wa nyumba yake.

Jengo halikujengwa. Wenye fedha waliingiwa na hofu kwa kelele zile, wakajitoa, na uzio uliokuwa umezungushwa ukaja kuondolewa mwaka 1992. Mwaka huo huo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula katika pembe moja ya bustani ile, na tangu hapo pembe hiyo inaitwa Freedom Corner. Lau jengo lingalisimama, sijui wangalikaa wapi.

MJUKUU ASHTUKA

Turudi Jeevanjee. Mwaka 1991 jiji likiwa chini ya Tume iliyoteuliwa na serikali, kwani madiwani walikuwa wameondolewa tangu 1983, pakatokea mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa nyingi lenye maduka na maegesho ya magari. Bustani ilikuwa imechakaa. Viti vilivunjika, taka zilirundikana, wakora walikuwa wamepafanya maskani. Hoja ya wenye mpango haikuwa ngumu: pahali hapa pamekufa, basi na patumike. Hoja hii ni ya zamani na bado inaishi. Mahali pa umma hunyimwa fagio miaka kumi, kisha uchafu wake ukatumiwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Aliyesimama alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa mzee Jeevanjee. Pamoja na jamaa zake na watu wengine wa mjini, aliandika magazetini na kukusanya sahihi za wananchi. Hakuwa na cheo wala hakulipwa. Wala hakuwa akidai mali ya babu yake irudi nyumbani. Alichosema ni kwamba babu yake aliwapa watu, na watu ndio wenyewe. Kelele zikawa nyingi, mpango ukaachwa.

Kazi ile ndiyo iliyomfanya Zarina Patel atake kumjua vyema babu yake. Aliingia katika nyaraka za zamani, na mwaka 1997 akatoa kitabu juu ya maisha ya Jeevanjee na vita vyake na wakoloni. Bustani ilimrudishia babu, nasi ikaturudishia kipande cha historia ya Mombasa ambacho shuleni hatukusomeshwa.

Katika miaka ya 2010 Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake Gigiri, lilishirikiana na jiji kuitazama upya bustani hii, na waliokusanywa kutoa maoni ni wale wale wanaoitumia: wapita njia, wenye maduka ya jirani, vijana. Hili nalihesabu kuwa jema. Anayelala kwenye kiti ndiye ajuaye kiti kipi kimevunjika.

MITI YA KUNI

Sasa tutoke katikati ya jiji tuelekee magharibi. Ukipanda barabara ya State House, mwendo wa miguu ambao hata mzee hautamshinda akienda kwa utaratibu, unafika kwenye Arboretum, bustani ya miti inayopakana na vitongoji vya Kilimani na Kileleshwa. Hapa ni kikubwa chake: hekta 30 hivi, na aina za miti zaidi ya 300, ya kienyeji na ya kigeni. Mto Kirichwa Kubwa wapita chini. Kima na tumbili hawana adabu hata kidogo. Mkate ukiushika ovyo, wa kwao.

Bustani hii haikuanza kwa mapenzi ya kivuli. Mwaka 1907 injini za reli zilikuwa zikila kuni kwa wingi, na misitu ya kando ya njia ilikuwa ikiisha. Bwana Battiscombe wa idara ya misitu alitenga mahali pa kujaribia miche ya nchi mbalimbali, aone upi utakua upesi. Ndiyo maana leo mtu anaweza kutembea hapa kutoka mikalitusi ya Australia hadi mianzi kwa dakika chache. Garimoshi liliacha kuni, lakini miti ilikwisha kuwa mikubwa, haikuwa na la kufanya ila kuendelea kukua.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 pahali hapa pia palikuwa pameingia upweke. Magugu yaliziba njia, vibao vilianguka, na watu waliogopa kuingia peke yao. Mwaka 1993 wanachama wa jumuiya ya kale ya wapenda viumbe na mimea, ambayo leo yajulikana kama Nature Kenya, wakaunda kikundi cha Marafiki wa Arboretum ya Nairobi. Kazi yao haikuwa ya kupigiwa ngoma. Kung'oa magugu. Kuokota taka. Kuutambua kila mti na kuutilia kibao chenye jina lake. Kuwatembeza watoto wa shule. Kuikumbusha idara ya misitu, kwa barua na kwa mikutano isiyokwisha, kwamba hapo ni pake.

Jambo la kibao nataka nilisemee zaidi, maana wengi hulichukulia kuwa pambo. Mti usio na jina ni kuni. Mti wenye jina umekuwa mtu wa mahali, na atakayeukata itambidi aseme ameukata upi. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa hawakuandika vibao, lakini kila mwembe mkubwa ulikuwa na jina la aliyeupanda au la aliyezikwa karibu yake, na mtu hakuukata bila kuulizwa.

Tangu zamani watu wa Nairobi wanautumia uwanja huu pia kwa ibada. Siku yoyote ya wiki utawaona Wakristo wamesimama chini ya miti, mmoja mmoja, wakisali kwa sauti na macho wameyafumba. Mgeni hushtuka mwanzoni. Baada ya nusu saa huzoea.

Sheria nayo ilikuja kuwafuata watu hawa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya wananchi kushirikiana na serikali katika usimamizi wa misitu, na ile ya mwaka 2016 ikaendeleza hilo. Walichokuwa wakikifanya kwa kuvumiliwa, sasa wanakifanya kwa haki.

KABURI LA MURUMBI

Si kila mahali palipona mapema. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo Rais Kibaki aliiunda mwaka 2003, ilitoa ripoti mwaka 2004 juu ya ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria. Humo mlikuwa na misitu, viwanja vya michezo, makaburi na hata vyoo vya umma. Msitu wa barabara ya Ngong, ulio magharibi ya jiji, umepoteza zaidi ya nusu ya ardhi iliyotengwa zamani.

City Park, huko Parklands, nayo ilimegwa pembeni. Hapo pana kikundi kingine, Marafiki wa City Park, na kisa chao chagusa moyo zaidi kwa sababu ya makaburi mawili. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, alizikwa katika makaburi ya hapo. Rafiki yake, Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa muda mfupi mwaka 1966, alitaka azikwe karibu naye. Alipofariki mwaka 1990 alizikwa nje kidogo ya ukuta wa makaburi, ndani ya bustani. Sehemu hiyo nayo ilitamaniwa na wenye kujenga. Waliompenda Murumbi na walioipenda bustani wakaungana, na mahali pake pakafanywa ukumbusho wenye sanamu za mawe. Naona Murumbi, aliyetumia maisha yake kukusanya kazi za sanaa za Afrika, aliendelea kufanya kazi ya ulinzi hata akiwa ardhini.

MLANGO NA TIKETI

Isidhaniwe kwamba kila jambo la hawa wanaojitolea ni sawa. Vitongoji vya magharibi ni vya watu wenye nafasi, wenye magari na muda wa Jumamosi asubuhi. Anayefua nguo za watu Kawangware hana Jumamosi ya kung'oa magugu bila malipo. Pale penye ulinzi hujengwa uzio, penye uzio huwekwa mlango, na penye mlango ikaja tiketi. Arboretum siku hizi huingii bure. Ada yenyewe si kubwa kwa mwenye kazi, bali ni mkate kwa asiye nayo, na huyo asiye nayo ndiye aliye na haja zaidi ya kivuli. Uhuru Park nayo ilifungwa mwaka 2021 ili itengenezwe, na umma ukakaa nje kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Kazi iliyofanywa ni kubwa na inapendeza. Lakini mwenye kuona mlango mpya wa chuma mahali alipokuwa akipita kwa miguu, ana haki ya kuuliza funguo zinakaa kwa nani.

Kwa hiyo mimi, nikiambiwa nichague, bado moyo wangu uko Jeevanjee pamoja na kelele zake, wahubiri wake na viti vyake vilivyolegea. Wenzangu wengine wasema penye fujo hapana bustani. Haya, kila mtu na kiti chake.

Kuhusu lile swali la mutawali, jibu limebadilika tangu siku za Profesa Maathai. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinasema mtu anayekwenda mahakamani kutetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Mlango aliofungiwa mama yule mwaka 1989 umefunguliwa. Mwananchi yeyote, awe wa Kileleshwa au wa Kibokoni, aweza kusimama mbele ya hakimu na kusema bustani hii ni ya watu, nami ni mmoja wa watu.

Hapo ndipo nawafikiria jamaa zetu Mombasa. Bustani ya Uhuru, pale kwenye Pembe, sote twaijua. Wengine tulipigwa picha zetu za kwanza za Idi hapo. Ufuo wa Mama Ngina ulitengenezwa upya mwaka 2019 kwa fedha za serikali, na kwenda Unguja, bustani ya Forodhani ilifufuliwa mwaka 2009 na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan. Yote hayo ni kazi ya wenye fedha. Kikundi cha kuutambua kila mwembe na kila mkungu kwa jina, na kuandika barua siku mwembe mmoja ukipotea, sijakisikia bado. Kama kipo, tuandikieni.

Na atakayepata safari ya Nairobi akitaka kuona kazi hii inavyokwenda, si lazima awe mwanachama wa chochote. Tangu mwaka 1971 kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Bibi Fleur Ng'weno. Watu hukutana kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa saa tatu kasorobo, kisha huamua siku hiyo waende wapi. Mara nyingine huwa ni Arboretum. Aende na viatu vya kutembelea. Na mkate, tumeshasema, auweke ndani ya mkoba.